Kuzima harufu ya pipa la taka za samaki kwa betri ya bakteria: mwongozo kamili

Mkaanga samaki yeyote wa Dar es Salaam analijua pipa la nyuma ya banda. Asubuhi linapokea magamba, utumbo na mashavu ya samaki waliotoka soko la Feri, mchana jua linalipiga, na jioni jirani anaanza kusalimia kwa mkato. Kulifunika hakusaidii sana, maana ukifungua mfuniko kuongeza taka, harufu yote iliyojikusanya inatoka kwa mkupuo mmoja.

Hapa nitaeleza namna ya kuinyonya hewa ya pipa hilo, kuiosha, kisha kuyatibu maji yaliyooshea kwa betri ya bakteria. Sehemu ya mwisho ndiyo watu huisahau. Ukiosha hewa kwa maji halafu ukayamwaga maji hayo, umeitoa harufu puani kwa jirani ukaipeleka kwenye mtaro wake.

Nianze na mipaka, ili mtu asinunue vifaa bure. Betri ya bakteria haifanyi lolote kwa moshi wa magari, vumbi la barabara au moshi wa mkaa. Hizo ni chembechembe, na dawa yake ni nyingine kabisa. Mfumo huu unafaa kwa gesi zinazoyeyuka kwenye maji na ambazo bakteria wanaweza kuzila: haidrojeni salfaidi (ile ya yai viza), amonia, na trimethilamini, ambayo ndiyo shombo lenyewe la samaki.

Nani anakula nini

Kuna bakteria ambao, wakikosa oksijeni, huzitupa elektroni (chembe ndogo zinazobeba umeme) za chakula chao kwenye kitu kigumu kilicho karibu. Kwenye matope hutumia madini ya chuma. Ukiwawekea kaboni, wanaikubali pia, na elektroni zikishaingia kwenye kaboni unaweza kuzipitisha kwenye waya. Upande wa chini usio na hewa unaitwa anodi. Elektroni zinapanda kwa waya hadi kathodi, iliyo juu ya maji, ambako zinakutana na oksijeni ya hewa na kutengeneza maji. Jambo lenyewe ni la zamani: M. C. Potter wa Durham, Uingereza, alionyesha umeme wa vijidudu mwaka 1911, na bakteria wa jamii ya Geobacter, mabingwa wa kazi hii, walipatikana mwaka 1987 kwenye tope la mto Potomac, Marekani, na timu ya Derek Lovley.

Haidrojeni salfaidi ina tabia nzuri hapa. Ikifika kwenye anodi inatoa elektroni mbili na kubaki salfa, unga mweupe wa kuelekea njano usionuka. Siki nayo, ambayo tutaitumia kuoshea, inatoa elektroni nane kwa kila molekuli. Kwa hiyo maji machafu ya kuoshea hewa ndiyo chakula cha betri.

Hesabu kwanza

Watu wengi wakisikia neno umeme wanafikiria taa. Achana na hilo. Betri ya ndoo moja ikikupa milliampia 1 hadi 3 kwa volti 0.3, hiyo ni milliwati moja au pungufu yake. Pampu ya kuvuta hewa peke yake inakula kama wati 3, yaani zaidi ya mara elfu tatu.

Faida ya umeme huu ni kipimo. Milliampia 1 ikienda saa 24, na yote ikitokana na haidrojeni salfaidi, maana yake ni kwamba karibu miligramu 15 za gesi hiyo zimegeuzwa salfa. Hewa yenye sehemu 10 za gesi hiyo kwa kila milioni ina takriban miligramu 14 kwa mita moja ya ujazo. Basi milliampia moja inatosha kama mita moja ya ujazo ya hewa chafu kwa siku, na pampu ya lita 1 kwa dakika inavuta mita 1.4 hivi. Vipimo vinakaribiana. Ndiyo maana nimechagua pipa lililofungwa, lenye hewa kidogo iliyokolea, na wala si bomba la hewa la shimo la choo: bomba la inchi 4, hata hewa ikipanda kwa sentimita 10 tu kwa sekunde, linatoa zaidi ya lita 45 kila dakika. Betri ya ndoo haifui dafu mbele ya hilo.

Zaidi ya hapo, umeme ukianza kushuka unajua bakteria hawako sawa kabla pua haijakuambia.

Vifaa

Vingi vinapatikana Kariakoo na Gerezani, vingine viko jikoni.

Pipa la plastiki lenye mfuniko wa pete ya kubana. Madumu mawili ya lita 5 yenye vifuniko. Ndoo ya lita 20. Bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 70 hivi, na vifuniko vyake viwili. Kipande cha bomba la nusu inchi na faneli. Pampu ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo, ile inayorekebishika, na kontena gumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, ambalo pampu itaingia ndani. Mpira mwembamba wa pampu, mita chache. Gundi ya silikoni.

Kwa betri: vijiti vya kaboni 12 hadi 16, mkaa, wavu na waya wa stenlesi, rizista, yaani kizuizi kidogo cha umeme, ya omu 1000 (rangi zake kahawia, nyeusi, nyekundu), na multimita (mita ya kupimia umeme) ya bei nafuu. Kwa kuoshea: siki, magadi, na karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi au besi), ambazo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Kwa chujio: makumbi ya nazi na kokoto za matumbawe au mawe ya chokaa.

Vijiti vya kaboni vimo ndani ya betri kubwa za tochi na redio, zile za bei rahisi za zinki na kaboni. Betri za alkalini hazina kijiti, usihangaike nazo. Vaa glavu, kata ganda, chomoa kijiti. Ule unga mweusi unaokizunguka una manganizi na chumvi zinazounguza ngozi. Ukusanye kwenye mfuko na usiuchome wala kuumwaga uwanjani. Chemsha vijiti kwenye maji, suuza, chemsha tena mpaka maji yabaki meupe. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Mkaa unahitaji kuchaguliwa, na hapa usikimbilie. Mkaa wa matanuri yetu ya udongo mara nyingi haukuiva kwa joto la kutosha, na mkaa usioiva vizuri haupitishi umeme. Weka multimita kwenye omu, gusisha ncha zake mbili kwenye kipande chenye urefu wa kidole. Kikisoma makumi au mamia machache ya omu, kichukue. Kikisoma mamilioni, au mita isiposoma kabisa, kirudishe kwenye jiko la chai. Sikio nalo husaidia: vipande vilivyoiva vinalia kama kigae ukivigonganisha, vibichi vinatoa sauti ya ubao. Kama gunia zima halifai, mpelekee mhunzi mwenye mivukuto akuchomee tena vipande hivyo ndani ya kopo la chuma lililofunikwa, mpaka kopo liwe jekundu, na lisifunguliwe hadi lipoe kabisa.

Tope la kuanzishia

Bakteria hawauzwi dukani, wako kwenye tope. Nenda Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yamekupwa, tafuta sehemu ya tope karibu na mikoko, ondoa tabaka la juu la kahawia na uchote lile jeusi linalonuka, sentimita kumi hivi chini. Lita mbili au tatu zinatosha. Jaza chombo mpaka mdomoni ili hewa isibaki ndani. Usikate mizizi wala kung'oa miche; mikoko inalindwa kisheria, na tope la kando lina bakteria walewale.

Kuna atakayesema mto Msimbazi ni karibu zaidi. Ni kweli, lakini tope lake limebeba maji taka ya nusu ya jiji, na huu ni mji unaojua kipindupindu. Kama huna glavu ndefu na nidhamu ya sabuni, liache.

Ukifika nyumbani, mimina tope kwenye ndoo ya maji baridi ya kawaida, koroga taratibu, acha litulie, mwaga maji ya juu. Rudia mara moja. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, kama gramu 2.7 kwa lita, na kuna bakteria wanaoigeuza salfeti hiyo kuwa haidrojeni salfaidi. Ukiyaacha maji hayo ndani halafu ukawalisha siki, betri itatengeneza harufu uliyoijengea kuizima.

Kujenga betri

Funga nusu ya vijiti vya kaboni pamoja kwa waya wa stenlesi, kila kijiti kibanwe vizuri, kisha uache mkia mrefu wa waya huo utoke juu ya ndoo. Simamisha bomba la nusu inchi kando ya ndoo, likae sentimita moja juu ya kitako, na faneli iwe juu. Hiyo ndiyo njia ya kulishia.

Mimina chini mchanganyiko wa mkaa uliochaguliwa, uliopondwa saizi ya punje za mahindi, pamoja na tope. Urefu wa sentimita nane hadi kumi. Lala vijiti ndani yake vifunikwe kabisa. Juu yake weka tabaka jembamba la mchanga uliooshwa, kisha maji ya bomba yaliyokaa wazi usiku mzima ili klorini ipungue. Tia kijiko kimoja cha chumvi ya mezani, maana maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Acha sentimita kumi hivi za maji kati ya mchanga na usawa wa juu, na utoboe tundu la kutokea maji sentimita tano chini ya ukingo wa ndoo, lenye kiko na mpira kwenda kwenye kopo.

Kathodi inaelea. Kata duara la wavu wa stenlesi, lifunge kwenye pete ya sponji ngumu au vipande vya kandambili kuukuu, tandaza juu yake mkaa uliobaki na vijiti nusu ya pili, navyo vikiwa na mkia wa waya. Mkaa ule uwe umelowa chini na uko hewani juu. Ukizama wote hautapata oksijeni ya kutosha, na ukikauka hauna njia ya kupitisha chaji.

Waya wa shaba usiguse maji hata kidogo. Unganisha shaba na stenlesi juu ya ndoo, mahali pakavu, kisha paka silikoni. Na hapa kuna umeme wa uongo wa kuangaliwa: ukitumia waya wa mabati au msumari kwenye anodi, multimita itakuonyesha karibu volti moja siku hiyohiyo, utashangilia, kumbe ni zinki inayoliwa na kutu. Betri ya kweli inaanza chini na kupanda kwa siku kadhaa. Ikikupa volti nyingi dakika ya kwanza, kagua vyuma vyako.

Funga rizista ya omu 1000 kati ya mikia miwili tangu siku ya kwanza, na upime volti juu ya rizista hiyo. Mita ikisoma 0.35, mkondo ni milliampia 0.35. Kwa joto la Dar huhitaji kuwapasha bakteria. Wiki moja hadi tatu zinatosha kipimo chako kutulia. Kwa kipindi hicho walishe kijiko kimoja cha chai cha siki kila baada ya siku chache, kikiwa kimechanganywa kwenye lita moja ya maji na magadi kidogo mpaka karatasi isome kati ya 7 na 8. Usizidishe. Kijiko hicho kimoja, kwa siki ya asilimia 5, kina elektroni za kuendesha milliampia 37 kwa siku nzima, na betri yako haifiki huko. Ziada inakwenda kwa vijidudu vya methani.

Ifunike ndoo kwa chandarua dhidi ya mbu, isifungwe.

Njia ya hewa

Mpangilio ni huu: pipa, dumu la siki, dumu la magadi, bomba la makumbi, kontena la pampu, nje. Pampu inakaa mwisho kwa makusudi. Kila kiungo kilicho mbele yake kinanyonywa, kwa hiyo pakiwa na upenyo, hewa safi inaingia badala ya harufu kutoka. Pia pampu inapata hewa iliyokwisha kusafishwa, maana haidrojeni salfaidi hula shaba na viungo vya ndani.

Toboa mfuniko wa kontena matundu matatu: mpira wa kuingiza hewa, mpira unaotoka kwenye mdomo wa pampu, na waya wa umeme. Yazibe kwa silikoni na yakauke usiku kucha. Kwenye pipa la taka toboa tundu la kunyonyea karibu na mfuniko, na tundu dogo la sindano nene upande wa pili, ili hewa ipate pa kuingilia na pipa lisijibane.

Dumu la kwanza lina lita moja na nusu ya maji na kijiko cha chai cha siki. Amonia na trimethilamini ni besi, yaani kinyume cha asidi, hivyo asidi huzishika. Ndiyo sababu ileile mpishi anamkamulia samaki ndimu. Dumu la pili lina kiasi hichohicho cha maji na magadi, yale ya kuivishia makande, mpaka pH ifike 8 au zaidi kidogo. Haidrojeni salfaidi inashikika kwenye upande wa besi: pH ikiwa 7, nusu yake imeyeyuka kwa namna isiyoweza kuruka tena hewani, na ikifika 8 ni kama tisa ya kumi. Mpira wa kuingiza hewa kwenye kila dumu ushuke sentimita kumi tu ndani ya maji. Pampu hizi hazina nguvu ya kuvuta zaidi ya hapo kwa raha.

Madumu hayakamati kila kitu, na bomba la makumbi ndilo linalomalizia. Kwa maoni yangu ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko kiungo kingine chochote, hata kama halina waya wa kuonyesha wageni. Chambua makumbi, yaloweke usiku mmoja, yakamue mpaka yawe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, yachanganye na kokoto za matumbawe, na kikombe cha mboji iliyoiva kwa ajili ya bakteria. Jaza bomba bila kushindilia. Bomba la inchi 4 lenye sentimita 60 za makumbi lina karibu lita 5. Kwa mkondo wa lita 2 kwa dakika hewa inakaa humo zaidi ya dakika mbili, na chujio za aina hii kwa kawaida huhitaji nusu dakika hadi dakika moja. Matumbawe yanapunguza makali ya asidi ya salfa ambayo bakteria wa humo wanaitengeneza.

Kuendesha kila siku

Asubuhi soma volti, andika kwenye daftari. Kila baada ya siku mbili badilisha maji ya madumu. Na hapa tafadhali fuata mpangilio: tia magadi kwanza kwenye maji ya siki, kidogokidogo maana yatatoa povu, mpaka karatasi isome 8. Ndipo uyachanganye na maji ya dumu la pili. Ukiyamimina maji ya siki kama yalivyo ndani ya maji ya magadi, asidi inaweza kuirudisha haidrojeni salfaidi hewani, tena karibu na uso wako.

Mchanganyiko huo uumimine taratibu kwenye faneli. Utaingia chini, kwenye anodi, na maji yaliyokwisha kutibiwa yatatoka juu kupitia tundu. Kwa ndoo ya ukubwa huu, maji yanakaa ndani wiki moja na zaidi kabla ya kutoka. Yanayotoka yapeleke kwenye migomba au shimo la choo, si kwenye mchicha.

Volti zikishuka taratibu baada ya kulisha vizuri, pima pH kwanza. Chini ya 6.5, ongeza magadi kwenye mlo unaofuata. Zikishuka ghafla, karibu kila mara ni kiungo cha waya kilichoshika kutu au kathodi iliyokauka kwa sababu maji yamepungua. Zikipanda na kushuka ovyo kila unapolisha, bomba la kulishia limepanda na mlo haufiki chini. Ukungu wa njano hafifu kwenye mkaa ni salfa, na ni dalili kwamba kazi inafanyika; ukiziba kabisa baada ya miezi, badilisha nusu ya mkaa, uache nusu yenye bakteria.

Harufu ikitoka kwenye pampu ilhali volti ziko sawa, tatizo ni makumbi. Yamekauka, au hewa imepata njia ya mkato pembeni ya bomba. Yanyunyizie maji, yapange upya.

Umeme wa nyumba ukikatika, funga tundu dogo la pipa kwa kidonge cha nta na usifungue mfuniko bila sababu. Bakteria wa ndoo hawajali, wanaishi kwa walichonacho kwa siku nyingi.

Usalama, na kukuza mradi

Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini ya mapipa na mashimo. Kinachotisha zaidi ni kwamba ikifika sehemu 100 kwa milioni inaiua hisia ya kunusa, kwa hiyo harufu kutoweka ghafla inaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe. Usiingize kichwa kwenye pipa. Usijaribu kuuhamishia mfumo huu kwenye shimo la maji taka kwa kushuka ndani yake kufunga mabomba. Mashimo hayo yana methani pia, ambayo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Vivyo hivyo kwa seremala wa Keko anayefikiria kunyonya mvuke wa thina: kuna bakteria wanaoweza kuila toluini iliyomo ndani yake, lakini mvuke huo unawaka, na pampu ya tangi la samaki si kifaa cha kuwekwa karibu nao.

Mwenye machinjio au ghala la samaki anahitaji mhandisi, na anapaswa kuzungumza na NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwa banda lenye mapipa mawili, ni rahisi zaidi kuweka ndoo mbili, kila moja na daftari lake, kuliko kujenga moja kubwa. Usiziunganishe kwa mfululizo ili kupata volti zaidi; moja ikidhoofika nyingine inailazimisha igeuke, na bakteria wa iliyodhoofika wanaumia.

Makumbi yabadilishe yakianza kuvunjika na kushikana, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa. Toa nusu ya juu, changanya na mapya, ya zamani yachimbie kwenye shimo la mboji pamoja na kiganja cha majivu.